Kidole Kimoja Pembeni

Brashi hakuwa mtu wa kuamini kitu ambacho hakitoi moshi. Kazi yake ilikuwa kuchora maandishi kwenye malori na vibao vya maduka, na kazi hiyo ilimfundisha mapema jinsi watu wanavyopigana changa la macho. Yeye mwenyewe alishapaka ukuta wa mtu rangi mkono mmoja, yaani mara moja tu, akasema ni mikono miwili, na mwenye ukuta akamshukuru kwa uaminifu wake. Kwa hiyo kila alipomwona mtu wa koti jeupe anatabasamu, kichwani alikuwa na swali moja tu: huyu naye kapaka mikono mingapi?

Sasa watu wa makoti meupe walikuwa wamelishika paja la dada yake.

Dada yake alikuwa dereva wa lori la saruji, lile refu lenye kichwa kinachoguna. Mama yao alipofariki, Dada ndiye aliyemlea Brashi. Alimlisha, alimchapa, aligombana naye kuhusu shule mpaka sauti zikawakauka wote wawili. Brashi alipoacha shule kabisa, Dada alinuna wee, kisha siku moja akaja na brashi mpya na kopo la rangi.

"Haya," alimwambia. "Angalau hayo machache unayoyajua uyaandike vizuri."

Jina la Brashi lilitoka hapo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa bodi ya nyuma ya lori la Dada, na maneno bado yapo, makubwa, ya njano: USINIFUATE, SIENDI KWENU.

Uvimbe ulianza kama yai ndani ya paja la kushoto, juu ya goti. Haukuuma. Dada akasema ni msuli tu, sababu klachi ya lori lile ni ngumu kama roho ya mwenye nyumba. Yai likawa ngumi. Ngumi ikaanza kugombana na suruali. Hospitali wakakata kipande kidogo, wakakipima, wakawaita.

"Ni saratani ya nyama laini," alisema daktari mpasuaji, mtu mfupi aliyeongea huku akiangalia mikono yake.

"Basi kata, toa, tumalize," alisema Brashi, ambaye hakuulizwa.

"Uvimbe umekaa karibu sana na mshipa mkubwa wa damu. Nikikata leo, ili niwe na hakika nimeutoa wote, itabidi niondoke na mguu. Tukiupiga mionzi kwanza, kingo zake zinakufa. Hapo naweza kuutoa uvimbe nikauacha mguu mahali pake."

"Yaani mnaupika kwanza, halafu ndiyo mnakata."

Daktari akamtazama. "Wewe ni nani yake?"

"Mdogo wake."

"Ahaa," alisema daktari, kana kwamba hilo limejibu mambo mengi.

Dada alitangulia kutoka nje mpaka kwenye ngazi. Alikuwa ameshika funguo za lori, anazichezea. "Mguu wa kushoto," alisema. "Bora wangesema mkono. Kwa mkono mmoja ningehangaika hivyo hivyo. Lakini klachi naikanyaga na nini?"

Basi wakaanza kwenda. Kila asubuhi ya siku ya kazi, Dada na Brashi wake nyuma, wanashuka ngazi mpaka chini kabisa ya hospitali, kwenye chumba cha kusubiri kisicho na dirisha. Viti vya plastiki vya bluu, kimoja mguu wake umefungwa bandeji kama mgonjwa. Mtungi wa maji ya kunywa, vikombe hakuna. Mwisho wa chumba kulikuwa na mlango mnene, mnene kuliko ukuta wa nyumba yao, na nyuma ya mlango ndiko ilikokaa mashine yenyewe. Mashine ya mionzi ya protoni, walisema. Brashi alibahatika kuichungulia mara moja mlango ukiwa wazi. Kitanda, taa, na pua kubwa nyeupe iliyochomoza ukutani. Basi. Alitegemea kitu chenye mabomba.

Aliyekuwa akimlaza Dada kitandani ni mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Brashi akampa jina Miwani. Siku ya kwanza kabisa Miwani alimchora Dada pajani alama za jumlisha kwa kalamu nyeusi, mbele moja, pembeni moja moja, akamwambia asizisugue wakati wa kuoga, na zikififia aseme, watazichora wenyewe.

"Ikikupiga unasikiaje?" Brashi alimuuliza Dada wakirudi nyumbani.

"Sisikii kitu."

"Moto?"

"Hakuna."

"Inalia?"

"Inaguna kidogo, kama friji ya jirani. Halafu wananiambia amka."

"Hata kuwashwa?"

"Wewe unataka nirudi naungua ndiyo ufurahi?" Dada alisema. "Nimeuliza, nimeelezwa. Inaingia, inafika kwenye uvimbe, inashusha mzigo wote pale, inasimama. Haitokei upande wa pili. Ndiyo uzuri wake, haiharibu nyama ya nyuma wala mfupa."

Moyoni Brashi hakutulia. Kitu kinaingia, hakitoki, hakiumi, hakichomi, hakionekani. Hata yeye, akiwa mvivu kiasi gani, asingethubutu kumuuzia mtu rangi ya namna hiyo.

Mafuta kwenye moto aliyamwaga Redio. Redio alikuwa utingo wa lori la Dada, na jina lake lilitokana na kutozimika. Alikuwa amekaa juu ya tairi kwenye yadi ya malori, anamwangalia Brashi akichora jina la kampuni kwenye mlango wa lori jingine.

"Kuna mtu namjua," alianza.

"Wewe unamjua kila mtu."

"Huyu ni shemeji wa mtu ninayemjua. Walimmulika hivyo hivyo. Mwezi mzima anamulikwa. Uvimbe ukawa kama papai. Kumbe mashine mbovu, wao wanawasha taa tu."

"Nani alisema mbovu?"

"Mlinzi. Walinzi wanajua kila kitu."

"Na yuko wapi huyo shemeji sasa?"

Redio akaangalia pembeni. "Simjui sana," alisema. "Lakini Bosi wangu, dada yako, mimi namjua. Juzi alipanda kwenye lori kuchukua miwani yake ya jua. Alipanda kwa mguu wa kulia. Alikuwa hapandi hivyo."

Hilo la mwisho ndilo lililomkaa Brashi. Jioni ile ile, Dada akiwa amejinyoosha kwenye kochi, Brashi akachukua uzi wake wa kupigia mistari, ule anaoupaka chokaa ili maandishi yakae sawa, akauzungusha pajani kwa Dada akijifanya anamtania.

"Unanipima suruali?"

"Nakupima jeneza la mguu."

"Toka hapa."

Akacheka, akafunga fundo. Baada ya wiki akapima tena. Ncha ya uzi haikulifikia fundo. Akapima tena, akivuta. Haikulifikia. Paja lilikuwa limenenepa.

Hapo ndipo alipoamini kwamba wameibiwa mguu mchana kweupe.

Angeweza kuuliza. Lakini Brashi alishawahi kuulizwa maswali na wateja, na alijua jibu la mtu anayedanganya lilivyo tamu. Mtu wa namna hiyo humuulizi, unamtegea. Yeye mwenyewe alishategwa: mwenye duka mmoja alikwaruza ukuta kwa ukucha, kimya kimya, akahesabu mikono ya rangi, akamwita arudie. Brashi anamheshimu yule mtu mpaka leo.

Mchana wa Jumapili Dada alilala fofofo kwenye kochi, amevaa bukta, feni inampulizia. Alama zilikuwa zimefifia. Brashi akakaa chini kwenye sakafu, akachukua pamba yenye spiriti, akaifuta ile alama ya mbele taratibu, mpaka ngozi ikabaki safi. Kisha akafungua kalamu yake nyeusi ya kazi, akaichora upya. Ila sio mahali pake. Aliisogeza kidole kimoja pembeni, kuelekea ndani ya paja.

Hesabu yake ilikuwa hivi: kama mashine ni kweli, na wanaangalia kweli, wataona. Kama ni taa tu, hawataona kitu, maana taa haina cha kukosea. Siku wasipoona, yeye anamshika Dada mkono, wanakwenda kutafuta mtu wa kukata.

Dada akajigeuza, akaguna, hakuamka. Brashi akaitazama kazi yake. Ilikuwa nzuri. Alama zile nyingine za hospitali zilikuwa zimepinda kama zimechorwa ndani ya gari.

Jumatatu mlango mnene ukafungwa, Dada akiwa ndani. Brashi akakaa kwenye kile kiti cha bandeji, akanyoosha miguu, akasubiri kama mtu aliyeweka mtego wa panya.

Raha yake haikudumu. Akiwa pale anaitazama taa nyekundu juu ya mlango, ile inayowaka mashine ikiwa kazini, wazo jingine likaja taratibu likakaa karibu naye kama mgeni asiyealikwa. Wakiwa waongo, sawa, hakuna kitakachompata Dada. Wakiwa wakweli na waangalifu, sawa pia. Lakini kuna aina ya tatu. Kuna watu wakweli wenye haraka. Watu ambao mashine yao inafanya kazi, na asubuhi ya Jumatatu wana usingizi, wanafuata alama ilivyo na kubonyeza. Yeye mwenyewe alishawahi kuandika jina la duka kwenye ukuta wa jirani wa mteja, kwa sababu tu chaki ilikuwa imewekwa pale.

Brashi akasimama. Akaenda mpaka mlangoni, akainua ngumi agonge, akaona mlango wenyewe ulivyo mnene, nani atamsikia. Taa nyekundu ilikuwa haijawaka. Akarudi. Akaenda tena. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akamwambia, "Kijana, choo kiko kule."

Mlango ukafunguka. Dada akatoka akichechemea, akakaa, akaweka funguo za lori mapajani. Hakumwangalia.

"Hawajanipiga," alisema.

"Kwa nini?"

"Wanasema mguu haulingani na picha. Wamenigeuza, wamenirudisha, haulingani. Wanamwita daktari." Akazichukua funguo. "Kama uvimbe umesogea kwenda kwenye mshipa, nadhani unajua kinachofuata."

Mtego ulikuwa umenasa. Wameona. Mashine ni ya kweli, watu ni wa kweli. Brashi angetakiwa afurahi, lakini pembeni yake Dada alikuwa anazitoa funguo za lori kwenye pete, moja moja, anaziangalia, anazirudisha.

"Labda wamekosea wao," alisema Brashi.

"Labda."

"Watu wanakosea."

"Wanakosea sana," Dada alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu mno. Brashi aliijua sauti ile tangu utotoni. Ilikuwa ya kabla ya fimbo. Ila huenda ilikuwa ya mtu anayeogopa tu. Akashindwa kuipambanua, na kushindwa huko kulimtisha kuliko fimbo.

Miwani akatoka. Miwani yake safari hii ilikuwa puani.

"Nauliza tu," alisema. "Hii alama ya mbele nani kaichora? Tumeulizana sisi kwa sisi mpaka tumeanza kuangaliana vibaya. Kila mtu anasema sio yeye, na nawaamini, maana kwetu hakuna anayejua kuchora hivi."

Brashi akafungua mdomo. Dada akamtangulia.

"Ina mkia," alisema.

"Samahani?"

"Mstari wake una mkia. Mwishoni unapinda juu kidogo, kama mtu anayeondoka kwa madaha. Nimeuona nilipolala pale, mmeniambia niangalie. Mkia huo niko nao kwenye bodi ya nyuma ya lori langu, kwenye kila herufi. Miaka yote naendesha nao." Akageuka, sasa akamtazama Brashi usoni. "Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Nimekaa hapa nahesabu funguo ambazo nimezizoea mpaka nimechoka."

Yule mzee wa choo alijifanya anasoma bango la ukutani.

"Niliisogeza," alisema Brashi. "Kidole kimoja. Nilitaka kuona kama mnaangalia."

Miwani hakufoka. Ingekuwa afadhali. Alivua miwani, akaifuta kwenye koti, akamwambia, "Njoo."

Akampeleka kwenye chumba kidogo chenye vioo vya kompyuta. Kwenye kimoja kulikuwa na picha ya mfupa wa paja, mweupe, na juu yake mfupa ule ule kwa rangi nyingine. Mifupa miwili haikukaa pamoja. Mmoja ulikuwa umeteleza pembeni, kama maandishi yaliyochapwa mara mbili.

"Kalamu inatusaidia kuanza tu," alisema Miwani. "Tunamlaza kwa alama, halafu tunapiga picha, tunalinganisha na mfupa. Mfupa haufutiki kwa spiriti. Kila siku, kabla ya kuwasha chochote."

"Na siku mkisahau?"

"Mashine haikubali kuwaka mpaka watu wawili wakubali picha. Mimi na mwenzangu. Na mimi mwenzangu simwamini, na yeye haniamini mimi. Ndiyo kazi yetu." Akamwonyesha mahali kwenye picha. "Lakini tuseme tungesahau. Mionzi hii inasimama pale inapoambiwa isimame. Ungemchoma dada yako nyama nzima ya upande huu. Na huku, upande wa mshipa, ungekiacha kipande cha uvimbe kizima, kimekaa kinatucheka. Mpasuaji angekuja kukikuta. Unajua angefanya nini."

Brashi alijua. Aliitazama ile nafasi katikati ya mifupa miwili. Kidole chake. Akauficha mkono mfukoni mwa suruali, kidole hicho na vingine vyote.

"Paja limevimba," alisema, kama mtu anayetafuta pa kushika. "Nimelipima. Kwa uzi."

"Tunajua. Huwa linavimba kabla halijatulia, na kwa mionzi hii hata unene wa nyama una maana, kwa hiyo kesho anapimwa upya, ikibidi tunabadilisha mpango. Tulimwambia dada yako wiki iliyopita."

Brashi akatoka, akamkuta Dada pale pale.

"Hukuniambia kwamba paja litavimba."

"Ningekwambia ungekuja na nyundo."

"Nisingekuja na nyundo."

"Ungekuja na kalamu," Dada alisema. "Afadhali nyundo, ningeisikia."

Wakamfuta, wakamchora upya, alama zilizopinda kama kawaida, wakampiga picha, taa nyekundu ikawaka. Brashi aliitazama mpaka ikazimika. Njiani kurudi Dada hakuongea naye. Kesho yake pia. Siku ya tatu alimwomba chumvi, na hapo Brashi akajua amesamehewa nusu.

Wiki za mwisho ngozi ya paja ilibadilika. Ilianza kama imeungua na jua, ikawa nyeusi, ikabanduka vipande vipande kama rangi iliyopakwa kwenye mbao mbichi. Dada alilalamika usiku na mchana. Brashi alimpaka dawa waliyopewa, kwa uangalifu, na ndani ya moyo wake kulikuwa na kitu ambacho hakuthubutu kukitamka mbele yake. Alikuwa ameridhika. Hatimaye moshi umeonekana.

Wakapumzika, paja likatulia, siku ya upasuaji ikafika. Asubuhi, wakiwa bado kwenye wodi, yule daktari mfupi alikuja na kalamu yake. Akachora mshale juu ya paja la kushoto ili asije akakosea mguu. Ulikuwa mshale mbaya kuliko mishale yote aliyowahi kuiona Brashi. Kichwa kikubwa, shingo imepinda, kama samaki aliyekanyagwa.

Brashi akameza mate.

"Mikono iko wapi?" Dada aliuliza kutoka kitandani.

"Mfukoni."

"Yote miwili?"

"Yote."

"Ibaki huko mpaka nirudi."

Wakamsukuma. Redio alikuja kukaa naye, akaanza, "Kuna mtu namjua," na Brashi akamtazama mpaka Redio akazimika mwenyewe kwa mara ya kwanza katika historia. Wakakaa. Mikono mfukoni.

Daktari alipotoka alikuwa amechoka, kofia imemlowa. "Tumeutoa," alisema. "Kingo zimekufa vizuri, mshipa tumeuacha. Watapima walichokitoa, tutajua zaidi, lakini mguu upo."

"Upo wapi?" aliuliza Brashi.

"Upo pale ulipokuwa."

"Naomba niuone."

Daktari akamwonyesha mlango wa wodi.

Dada alikuwa amelala chali, mdomo umekauka, macho nusu. Shuka limemfunika mpaka kifuani, na mtu akiwa chini ya shuka huwezi kujua. Brashi hakwenda upande wa kichwa. Alikwenda upande wa miguu, akatoa mkono mmoja mfukoni, akaliinua shuka kwa ncha. Mguu wa kulia. Mguu wa kushoto. Akaugusa unyayo. Ulikuwa wa moto.

"Tikisa," alisema.

"Brashi," Redio alinong'ona mlangoni. "Mwache apumzike."

"Dada. Tikisa."

Hakuna kitu. Brashi alisimama na shuka mkononi. Kisha vidole vya mguu wa kushoto vikashuka polepole, kwa taabu, vikasukuma hewa chini, vikakaa pale chini vimekanyaga.

"Haya," alisema Dada, macho yamefumba, sauti imekwaruza. "Klachi nimeshika. Ingiza gia, mwehu wewe."